Vyuma vya mahameni: kabla hujauliza bei, uliza kilikuwa kimelala wapi

Kila mwaka mvua za kwanza zikishanyesha na watu wakaanza kulima, simu yangu inaanza kupokea picha. Kipande cha chuma kimejaa kutu kimelazwa kwenye kiganja au juu ya mfuko wa mbolea, picha yenyewe imepigwa giza giza, na chini yake swali ni lile lile: "Kaka hii ni nini na ni bei gani?" Mara nyingi bei ndo inatangulia. Wanaonitumia ni ndugu, majirani na marafiki wa huku kwetu Tabora, wanajua napenda haya mambo tangu niko shule ya msingi na kwa kweli sichoki kujibu, ila nimeona bora niandike yote sehemu moja, maana kila msimu kuna vitu vinaondoka na vikishaondoka ndo basi tena.

Kwa ambaye hajakulia huku: ukitembea porini upande wa Uyui au Sikonge unaweza ukafika mahali ghafla ukakuta miembe mikubwa imekaa kwa mpangilio, ua wa minyaa umeachwa mpaka umekuwa msitu, jiwe la kusagia limebinuka, na udongo ni wa kijivu tofauti kabisa na mchanga wa pembeni yake kwa sababu ya jivu na samadi ya miaka mingi. Hapo palikuwa na kaya, ni hame hilo. Mengine ni ya zamani sana, mengine ni ya enzi za Mwingereza alipokuwa anahamisha watu kwa ajili ya malale miaka ya 1920 na 1930, lakini yaliyo mengi ni ya Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi kijijini sio hiari tena, mpaka mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia, na huku kwetu 1974 ndo ilikuwa kazi kweli kweli, kuna wazee wanakusimulia walivyopakiwa kwenye lori na vitu vichache vya mkononi, nyumba nyuma yao inaezuliwa wakiangalia. Sasa mtu aliyehamishwa hivyo hakubeba kila kitu. Kilichokuwa kimechakaa, kilichokuwa kimefukiwa, kilichodondoka siku nyingi nyuma ya jiko, vyote vilibaki. Ndo maana jembe la trekta likipita pale vinafumuka.

Na hapa ndo ninapotaka tuelewane mapema kabla sijafika kwenye vyenyewe. Hame la 1974 ni kitu cha pekee kwa sababu kaya ziliondoka karibu wakati mmoja, kwa hiyo ni kama saa iliyosimama, kila chuma kilichopo kina kikomo chake. Ukikitoa hapo bila kukumbuka kilikuwa upande gani, kina kiasi gani, pembeni yake kulikuwa na nini, umebaki na kutu. Kinaweza kikawa kizuri, kinaweza kikawa na herufi za Kijerumani, lakini hakikwambii chochote kuhusu waliokuwa wakiishi pale. Kwa hiyo mtu akinitumia picha mimi simjibu bei, namuuliza umekitoa wapi.

Vifaa vya kuanzia havina gharama. Sumaku ya spika bovu inatosha, rula ya mwanafunzi, brashi laini (mswaki wa zamani ni mzuri tu), na kama una jamaa sonara akukubalie kutumia mizani yake umemaliza. Sumaku ikivuta ni chuma au chuma cha pua cha aina fulani, isipovuta basi unaongelea shaba, brasi, fedha, aluminiamu, risasi. Usikimbilie kuosha! Watu wakishapata kitu tu wanakimbilia ndimu na jivu, mwingine anamwagia maji ya betri, mwingine msasa. Ndimu inakula brasi na inafuta yale maandishi madogo ambayo ndo ushahidi wako wote, na chuma cha zamani kikikwanguliwa kutu unaweza kukuta kilichobaki ndani ni uzi tu, umbo lote lilikuwa limeshikiliwa na hiyo kutu. Acha kikauke kivulini taratibu, udongo mkubwa uondoe kwa kijiti na brashi, basi. Alafu kiweke pakavu, maana chuma kilichokaa ardhini miaka hamsini kinakuwa kimenyonya chumvi chumvi za udongo na kikipata unyevu tena kinaanza kupasuka kwa magamba.

Tuanze na majembe maana ndo yanapatikana zaidi na ndo yanadharauliwa zaidi.

Jembe la kiwandani lina pete, ule mduara wa nyuma unaopitisha mpini. Ukiona pete ujue ni la kununuliwa dukani, iwe la Mwingereza au letu. Angalia bapa karibu na pete kama kuna chapa imegongwa: mamba ni yale ya Chillington ya kule Wolverhampton, Uingereza, wazee wote wanayajua kwa jina la mamba, na yetu yana UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo. (Panga nazo zina mamba wake, ila huyo ni wa kampuni nyingine ya Birmingham, msichanganye.) UFI kwenye hame la 74 inakuambia lilinunuliwa mwishoni mwishoni kabisa watu hawajahama.

La mhunzi halina pete. Lina mkia. Yaani bapa limefuliwa umbo kama la jani au moyo, na juu linachomoza msumari mrefu mnene unaopenya kwenye kichwa cha mpini wa mti. Huku magharibi na kanda ya ziwa majembe haya yalikuwa ndo mali yenyewe, yalilipiwa mahari, yalibebwa na wapagazi kuuzwa mbali, na wahunzi wa Kirongo wa kule Uzinza walisifika kwa kuyafua. Kule Ufipa mpaka leo kuna mabaki ya matanuru marefu kuliko mtu yaliyokuwa yanayeyusha chuma kutoka kwenye mawe, na Buhaya uyeyushaji umekuwepo kwa takriban miaka elfu mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia chuma kililetwa na wakoloni, mpeleke akaone.

Jinsi ya kulitambua hata kama mkia umekatika: angalia pale palipoliwa na kutu. Chuma cha tanuru la kienyeji hakikuwahi kuyeyuka kikawa maji, kilitoka kama bonge lenye uchafu ndani, kikagongwa na kukunjwa mpaka uchafu ukajivuta kuwa nyuzi, kwa hiyo kikioza kinaonyesha mistari mistari ya kwenda upande mmoja kama mbao iliyopasuliwa. Bati la chuma cha kiwandani linaoza kwa vishimo vishimo, halina mistari. Na unene: la mhunzi halilingani, katikati nene pembeni jembamba, ukipitisha vidole unasikia mabonde ya nyundo. Kama hapo hapo kuna mabonge mazito meusi yenye matundu, yanang'aa kidogo kama chupa, hayo ni mavi ya chuma, na vipande vya mabomba ya udongo vilivyoungua mdomoni ni vya mivukuto. Hapo umesimama kwenye kiwanda cha mhunzi, usichimbe zaidi, piga picha uache.

Hame la upande wa mama yangu lilitoa kimoja cha hivyo, kimeisha mpaka kimebaki upana wa kiganja cha mtoto. Mimi nilidhani ni kisu kipana au kitu cha kuchunia ngozi. Nikampelekea bibi. Hakuhitaji hata miwani, alikichukua akakipima pima mkononi, akageuza upande ulioliwa zaidi, akapitisha dole gumba kwenye ule ukingo.

"Hili jembe, mjukuu wangu. Mwenye nalo alikuwa wa kushoto."

Nikamuuliza, bibi umejuaje wa kushoto?

"Si unaona lilivyokwisha huku? Mtu wa kulia humaliza kona ile nyingine. Wakwe zangu wakubwa walilimia haya mpaka yakawa ya kupalilia, yakaisha tena yakawa ya kuchimbia viazi. Hatukuwa tunatupa."

Nenda kalitazame jembe lolote nyumbani kwenu utaona ni kweli, kona moja huwa imeliwa kuliko nyingine. Hakuna kitabu kilichonifundisha hicho. Na angalia, bibi alijua kwa kushika, kwa hiyo ukimpelekea mzee picha kwenye simu umemnyima nusu ya ujuzi wake. Peleka kitu chenyewe, peleka na muda wa kukaa.

Sarafu sasa, hapa ndo watu macho yanawatoka. Nitakwenda polepole.

Za Mjerumani za mwanzo kabisa ni pesa za shaba za 1890 hadi 1892, upande mmoja tai, upande mwingine maandishi ya Kiarabu. Rupia za fedha za kipindi hicho zina jina la kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 wakabadilisha, rupia ikawa heller 100, na kuanzia hapo unakuta DEUTSCH OSTAFRIKA, taji, na herufi ndogo A au J, A ni Berlin na J ni Hamburg. Heller moja moja za shaba ndo nyingi, kila hame la zamani linazo. Zenye tundu katikati ni za heller 10 na zile za heller 5 za 1913 na 1914. Rupia ya fedha ina uzito wa gramu 11 na nusu na kidogo juu yake, upana milimita 30, na sumaku haiigusi. Sumaku ikiidaka hiyo ni feki, hakuna mjadala, hata kama aliyekuletea analia machozi.

Halafu kuna za kwetu hapa, hizi nazipenda kuliko zote. Vita ya Kwanza meli za Mwingereza zilifunga pwani, hela kutoka Ujerumani haiji, basi mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu hapa hapa Tabora kwenye karakana ya reli. Za heller 5 na 20, za shaba na brasi iliyookotezwa, yakiwemo maganda ya risasi na ya mizinga, na chini yake ina herufi T. Ni mbaya kwa kutazama, maandishi yamekaa upande, nyingine zina nyufa, na ubovu huo ndo alama yake. Wakapiga na ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke kule Iramba, zilitoka 16,000 na ushee tu. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Kwa hiyo ukipata heller ya T hapa Uyui, umeshika kitu kilichotengenezwa umbali wa kutembea kwa mguu, ndani ya mwaka mmoja, na mafundi wa reli ambao bila shaka wengine walikuwa babu zetu.

Za Mwingereza zinasomeka kwa jina la mfalme. Za tundu, senti 5 na 10, zina taji na maneno ya Kilatini kuzunguka. Ukiona IND:IMP: maana yake mfalme bado anajiita mtawala wa India, baada ya India kupata uhuru 1947 maneno hayo yakaja kuondolewa. Kuna senti za 1936 zenye EDWARDVS VIII, yule aliyeacha ufalme kabla hata hajamaliza mwaka. Kwao Uingereza hazikuwahi kutoka sarafu za matumizi zenye jina lake, lakini huku zilitoka kwa sababu sarafu ya tundu haina sura ya mfalme, hawakuhitaji kusubiri picha yake. Ni historia tamu kabisa, ila zilitoka nyingi, usiuze ng'ombe ukaenda Dar kutafuta mnunuzi. Shilingi ya simba ina fedha robo tu mpaka 1946, kuanzia 1948 haina fedha kabisa.

Na zetu zilianza 1966, samaki senti 5, mbuni senti 20, sungura senti 50, mwenge shilingi. Hizi hakuna anayezitaka, na mimi nakwambia kwenye hame ndo za kwanza kutafuta. Sababu ni kile kikomo nilichosema. Kwetu kulikuwa na ubishi wa muda mrefu, baba mdogo anasema 1974 waliondoka wote na hakuna aliyerudi, bibi anasema hapana, babu yenu alikuwa anarudi msimu wa kilimo analala kule kule kwa siri maana shamba la kijijini halikumtosha. Kwenye jivu la jiko la zamani ikatoka senti 10 ya pundamilia. Senti hiyo haikuwepo 1974, imeanza kupigwa 1977. Kuna mtu aliwasha moto pale baada ya operesheni, na alikuwa na hela mfukoni. Baba mdogo aliishika ile senti akakaa kimya, bibi wala hakushangaa. Kama ingeokotwa na mtu akaitupa kwa kuwa "haina bei", tungeendelea kubishana mpaka leo.

Maganda ya risasi nitapita haraka. Pima urefu, angalia kitako. Lenye ukingo unaotokeza kitakoni na urefu wa milimita 56 ni la Mwingereza, wanaita 303, na ukiona namba VII kitakoni ujue halitangulii 1910. Lakini usiseme moja kwa moja ni la vita, bunduki hizo ziliendelea kutumika miaka mingi sana baadaye. La Mjerumani la milimita 57 halina ukingo, lina mfereji tu. Na lile nene, mdomo wa milimita 11, urefu 60, ni la Mauser ya 1871, bunduki ya baruti nyeusi ambayo askari wengi wa Mjerumani walianza nayo vita, ikilia inatoa wingu la moshi na adui anajua ulipo. Ganda tupu sawa. Ila ukiona risasi nzima, au kitu cha mviringo kizito chenye ncha, au chochote kinachofanana na bomu, usikiguse, usikigonge, usikiweke kwenye moto, weka alama ukaite polisi. Umri haukifanyi kiwe salama.

Vya nyumbani vinajieleza. Fremu ya taa ya chemli, angalia tangini kama kuna Dietz au Feuerhand. Kichwa cha cherehani ya Singer kina namba, na namba hiyo inakupa mwaka. Waya mnene wa brasi uliokunjwa kunjwa unaweza kuwa masango (waya wa biashara) ya misafara, au kitindi cha mkononi kama umezungushwa kwa mpangilio. Bamba la chuma lenye neno TOWER na taji ni la mtambo wa kufyatulia wa gobore, zile bunduki za kizamani zilizojaa huku enzi za Mtemi Mirambo. Kipande cha reli kilichokuwa kengele ya shule kina jina la kiwanda na mwaka ubavuni, pakwangue kwa upole utaona, reli ilifika Tabora 1912.

Sasa hili la mali ya Mjerumani, yaani hazina inayosemekana Wajerumani waliifukia. Linaniuma na nitalisema wazi. Kuna vijana wanachimba mashimo marefu kwenye mahame, wengine wanavunja makaburi, wengine wanang'oa alama za upimaji za saruji wakiamini ni ramani ya hazina, na nyuma yao kuna mtu wa mjini amewaambia rupia inayovuta mchele inanunuliwa kwa mamilioni, au pasi ya mkaa yenye jogoo ina madini ndani. Jogoo wa pasi ni kishikio cha kufungulia mfuniko, basi, hakuna kingine mle zaidi ya jivu. Uvumi wa namna hii haukuanza kwetu wala hauishii kwetu, mwaka 2009 kule Saudia watu walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu kwa kuambiwa zina zebaki nyekundu. Haikuwepo. Anayepata hela kwenye hii biashara ni yule anayewatoza vijana "ada ya kupima", na anayepoteza ni kaya ambayo makaburi yake yamefumuliwa.

Upande wa pili kuna chuma chakavu. Simlaumu mtu mwenye njaa kuuza kilo ya chuma. Ila jembe la mkia lililokwisha halifiki hata nusu kilo, unaliuza kwa hela ya kiberiti na linaenda kuyeyushwa kuwa nondo. Bora litoe kwenye gunia ubaki nalo.

Na sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kitu chochote kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 kuwa ni mali ya kale inayolindwa, na kuchimba kwa ajili ya kutafuta mambo ya kale kunahitaji leseni. Kilichofumuka na plau shambani kwako ni jambo moja, kwenda na sululu kwenye hame ni jingine. Ukiona umepata kitu kikubwa, au mengi kwa pamoja, muone afisa utamaduni wa wilaya, na kwa sisi wa Tabora makumbusho ya Kwihara, pale kwenye tembe alilokaa Livingstone, hayako mbali.

Kwa hiyo ukinitumia picha msimu huu: piga mchana, kivulini, pande zote mbili, weka rula au shilingi pembeni nijue ukubwa. Niambie sumaku inavuta au haivuti. Niandikie kilitoka kina gani, karibu na nini, jiko, zizi, mlangoni, chini ya mwembe, na nani alikuwa akikaa pale kwa kadiri wazee wanavyokumbuka. Kama kuna mzee wa hiyo kaya yupo hai, kabla ya kunitumia mimi mpelekee yeye kwanza akishike, na alichosema kiandike kama alivyokisema.